Sweta Lililorefuka Makete: Uchambuzi wa Kisa cha Uzi Uliobadilishwa

Sweta lilitoka Uyole, Mbeya, mwanzoni mwa Juni likiwa na urefu wa sentimita 70. Kabla mwezi haujaisha lilirudishwa likiwa na sentimita 78. Mikono ilifunika vidole vya mwenye nalo, ukingo wa chini ulikuwa umepanuka na kujikunja mawimbi, na ukanda wa mbele umelegea hadi vifungo vinachomoka vyenyewe. Hakukuwa na uzi uliokatika wala kitanzi kilichoponyoka. Kazi ya mikono ilikuwa safi kabisa, na bado nguo ilikuwa imeharibika. Nimeombwa mara nyingi kuangalia masweta yenye kasoro, lakini hili nililichukua kwa uzito wa pekee, kwa sababu fundi aliyelifuma alikuwa tayari kuacha kupokea kazi za watu wazima na kubaki na seti za watoto wachanga tu.

Wahusika ni watatu. Wa kwanza ni fundi mwenyewe, mama anayefuma kwa sindano mbili nyumbani kwake Uyole, karibu na pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Wa pili ni mteja, mwalimu aliyehamishiwa Makete kutoka Dar es Salaam, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikutana na asubuhi yenye jalidi juu ya majani. Alitaka sweta refu la vifungo, la kufunika nyonga, pamoja na kofia ya rangi ileile. Wa tatu ni muuzaji wa nyuzi kule Mwanjelwa.

Mwalimu alikuja na paterni yake, yaani maelekezo ya kufuma, ameipakua kwenye simu. Ilikuwa ya Kimarekani, imeandikwa vizuri, na ilitaka uzi wa sufu halisi wa unene wa kati uitwao DK, vitanzi 22 na safu 30 kwa kila mraba wa sentimita 10 kwa 10. Sufu halisi ya madonge haipatikani kirahisi Mbeya. Maduka yetu yamejaa akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani, na fundi alinunua akriliki ya DK yenye rangi ya kijani iliyoiva, donge la gramu 100, yote ya loti moja, yaani yaliyotiwa rangi pamoja. Alifuma, akaunganisha, akamalizia kama paterni ilivyoelekeza, akapokea pesa yake. Mwalimu akapanda gari la Isyonje, akavuka Kitulo na sweta lake mwilini.

Liliporudi, maneno yalikuwa haya. Mwalimu: "Mama, uzi huu ni mbovu, amekupunja huyo aliyekuuzia." Muuzaji: uzi huohuo amewauzia wafumaji wengine na hakuna aliyelalamika, huenda mkono wa fundi umelegea. Fundi hakumlaumu mtu. Aliamini kosa ni la vidole vyake, na alitaka kufuma sweta jipya bure. Nilimwambia asubiri. Ukifuma upya kabla ya kujua kilichotokea, unaweza kupoteza wiki nyingine tatu na kuvuna matokeo yaleyale.

Nilianza na kuhesabu safu, kwa sababu safu haziongopi. Nguo inaweza kuvutika, kusinyaa au kupinda, lakini idadi ya safu zilizofumwa haibadiliki. Mgongoni, kuanzia ukingo wa chini hadi begani, zilikuwa safu 204. Paterni ilitaka safu 30 kwa sentimita 10, na 204 kwa hesabu hiyo ni sentimita 68, urefu uleule ulioandikwa kwenye paterni. Nilipoweka futi ya fundi juu ya sweta lililorudi, sentimita 10 zilibeba safu 26 tu. Gawanya 204 kwa 26 utapata sentimita 78 na kidogo. Kwa hiyo fundi hakuongeza hata safu moja. Kila safu, peke yake, ilikuwa imerefuka.

Je, ilirefuka mikononi mwake wakati wa kufuma, yaani mkono uliolegea, au baadaye? Hapa ile kofia ilitusaidia sana. Mwalimu alikuja ameivaa. Imefumwa kwa uzi uleule, loti ileile, sindano zilezile, mkono uleule. Niliomba aivue, nikaipima: vitanzi 22, safu 30. Ukiivuta kwa pande mbili na kuiachia, inarudi haraka. Ukivuta sweta na kuliachia, linabaki ulipoliacha. Kofia ilimwondolea fundi shutuma ya mkono kulegea, na nilifurahi kumwambia hivyo mbele ya mteja wake.

Nilikagua pia sindano, kwa sababu hapa wengi wanaangukia. Sindano nyingi za zamani zinazozunguka masokoni kwetu zina namba za Kiingereza, na paterni nyingi za mtandaoni zina namba za Kimarekani, nazo hazifanani. Namba 8 ya Kiingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Kimarekani ni milimita 5. Mtu akichukua namba kwenye paterni na kwenda nayo sokoni bila kuuliza milimita, anaweza kurudi na sindano nyembamba au nene kuliko inayotakiwa, na sweta zima likapotea kabla ya safu ya kwanza. Paterni ya mwalimu ilitaka namba 6 ya Kimarekani, ambayo ni milimita 4, na fundi alitumia namba 8 ya Kiingereza. Alikuwa sahihi kabisa. Alikuwa ameandika milimita pembeni ya karatasi yake kwa kalamu nyekundu.

Baada ya hapo ilibaki kuuangalia uzi. Fundi alikuwa na masalio, zaidi kidogo ya nusu donge, na sababu ya masalio hayo ina somo lake. Paterni ilitaka madonge 14 ya sufu ya gramu 50, kila moja mita 120. Fundi alijumlisha gramu: 700. Akanunua madonge saba ya gramu 100. Lakini akriliki ni nyepesi kuliko sufu, na donge la gramu 100 la DK la aina aliyonunua lilikuwa na mita 290 kwa mujibu wa lebo. Mita 1,680 za paterni zilihitaji madonge sita tu, tena la sita haliishi. Mfumaji ananunua urefu, si uzito. Hata hivyo safari hii kosa la hesabu lilimletea faida, kwa sababu bila donge lile la saba kofia isingefumwa kwa loti ileile na sweta lisingekuwa na uzi wa kulitengeneza.

Kujua uzi umetengenezwa kwa nini ni kazi ya kiberiti na beseni la maji. Unakata kipande kifupi, unakishika kwa koleo dogo au kibanio cha chuma juu ya beseni, unakiwasha. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe ukiondoa moto, na jivu lake husagika kwa vidole. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Akriliki huwaka kwa kasi, hutoa moshi mweusi, huyeyuka, na mwisho wake hubaki kidonge kigumu cheusi usichoweza kukisaga. Usishike kwa mkono, tone la plastiki iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi. Uzi wa masalio ulitoa kidonge kigumu. Lebo ilisema akriliki na ilikuwa akriliki. Muuzaji hakumdanganya mtu.

Ila lebo ileile ilikuwa na alama ambayo hakuna aliyeitazama: picha ya pasi iliyokatwa kwa msalaba.

Nilimuuliza fundi alimaliziaje. Alinieleza bila kuficha chochote. Baada ya kuunganisha mabega na mikono, alilitandika sweta juu ya blanketi, akaweka juu yake kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, akapitisha pasi ya mkaa taratibu, sehemu baada ya sehemu, hadi mvuke ukaisha. Kofia hakuipiga pasi. Paterni ilisema hivyo: malizia kwa mvuke. Alipopima baada ya hapo alipata sentimita 70 badala ya 68. Sentimita mbili alizichukulia kama zawadi, kwa kuwa mteja alitaka refu. Sweta likawa laini sana, likaning'inia mwilini kwa namna nzuri. Mwalimu alipolijaribu alisifu jinsi lilivyolala mabegani.

Ulaini ule ndio uliokuwa dalili ya ugonjwa. Maelekezo ya paterni hayakuwa na kosa, yalikuwa ya sufu. Unyoya wa kondoo umejengwa kwa protini iitwayo keratini, una mawimbi ya asili, na unaweza kubeba maji ya karibu asilimia 30 ya uzito wake bila kuhisi umelowa. Ukiupa maji na mvuke, viunganishi vidogo vya ndani ya unyoya vinaachia, unaunyoosha unavyotaka, na ukikauka vinashikana tena katika umbo jipya. Mawimbi yake hayafi. Kesho ukiuvuta utarudi. Ndiyo maana wafumaji wa nchi za sufu wanapiga mvuke kila nguo, na wana haki.

Akriliki ni plastiki. Ilianza kuuzwa kibiashara mwaka 1950, kampuni ya DuPont ya Marekani ilipoitoa kwa jina la Orlon, na wazo lilikuwa kupata kitu kinachofanana na sufu bila kondoo. Kujaa kwake na kurudi kwake kunawekwa kiwandani, kwa joto. Ukiirudishia joto, unafuta kazi ya kiwanda. Uzi hulainika joto linapokaribia la maji yanayochemka, na ukiwa na unyevu hulainika mapema zaidi. Pasi yenye nukta moja, ile ya baridi kuliko zote, inakwenda hadi nyuzijoto 110. Pasi ya mkaa haina hata hiyo nukta, joto lake linategemea mkaa ulivyowaka na jinsi mpigaji alivyouchochea. Kitambaa kilicholowa hakikuilinda nguo. Kilizalisha mvuke, na mvuke ukaingia hadi ndani ya kila kitanzi. Uzi haukuungua, haukubadilika rangi, haukunuka, na hilo ndilo linalowapoteza wengi: hakuna ishara ya hatari wakati jambo linatokea. Nguvu ya kurudi tu ndiyo iliyoondoka, na haina njia ya kurudishwa.

Nilitaka fundi aone kwa macho yake, si kwa maneno yangu. Alifuma vipande viwili vya sentimita 10 kwa uzi uliobaki. Kimoja alikipiga pasi vilevile, kwa kitambaa kilicholowa. Kingine alikiosha, akakikunja ndani ya taulo kukamua maji, akakitandaza mkekani. Vilipokauka tulivining'iniza usiku kucha, kila kimoja kimefungiwa paketi ya chumvi ya nusu kilo. Asubuhi tulivishusha na kuviacha vipumzike. Kilichooshwa kilirudi karibu na kipimo chake. Kilichopigwa pasi kilibaki kirefu na chembamba. Mama yule alikishika muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe mkono wangu mzima." Kile kilichooshwa alikifumua baadaye, maana uzi ulikuwa wa thamani.

Mwalimu naye ana sehemu yake ndogo. Kule Makete alilifua kwa maji ya moto kiasi na kulianika kwenye kamba likiwa limejaa maji, kama tunavyoanika kila nguo. Sweta la gramu karibu 600 likilowa huwa zito mno, na uzito wote unavuta chini kutoka mabegani. Sweta lenye afya lingevumilia, lingerefuka kidogo na kurudi baada ya kuvaliwa. Hili lilikuwa halina cha kulirudisha. Kwa hiyo naweka uzito wa kisa kwenye pasi, na kamba ninaiona kama iliyofichua kilichokwisha kutokea. Nisingemlipisha mteja kwa hilo, hasa kwa kuwa hakupewa neno lolote la jinsi ya kulitunza.

Kuna watakaosema dawa ni kuacha akriliki. Sikubaliani nao. Kwa masweta ya shule, yanayofuliwa kila wikiendi kwa sabuni ya kipande, akriliki inashinda: haisinyai, nondo hawaili, rangi inadumu, bei mzazi anaimudu. Kwa seti za watoto wachanga vilevile, ikiwa laini. Ninachokihofia ni moto. Usiku wa Njombe na Makete watu wanakaa wameuzunguka moto jikoni, watoto wamebebwa karibu na jiko la mkaa, na akriliki ikishika cheche inawaka na kuyeyukia kwenye ngozi, wakati sufu ina kawaida ya kujizima. Fundi anayeuza seti ya mtoto ana wajibu wa kumwambia mama yake jambo hili waziwazi, hata kama linapunguza uzuri wa biashara kwa dakika mbili.

Na anayetaka sufu halisi nyanda hizi anayo njia, ambayo wafumaji wachache wanaitumia: marobota ya mitumba. Masweta ya kiume ya sufu safi yanafika Mwanjelwa na Mafinga kila msimu, na lebo ya ndani husema. Kabla ya kununua la kufumua, geuza ndani uangalie mishono ya pembeni. Ikiwa vipande viliungwa kwa ukingo uliofumwa hadi mwisho, uzi utatoka mrefu, mkono kwa mkono. Ikiwa kingo zimekatwa na kushonwa kwa mashine ya kuzuia kufumuka, achana nalo, kila safu imekwisha kukatwa na utapata vipande vya uzi tu. Ukiufumua, uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe fungu, funga sehemu nne, loweka, uning'inize na uzito mdogo chini. Mikunjo itanyooka. Uzi huo, huo sasa, unaweza kuupiga mvuke.

Sweta la mwalimu halikutupwa. Kwa kuwa uzi uliokufa haufufuki, kulifumua lote na kufuma upya kungezaa sweta jingine lililolegea. Kilichowezekana ni kupunguza urefu na kuipa nguo mifupa. Fundi alikata uzi mmoja juu ya ukingo wa chini, akaokota vitanzi vyote kwenye sindano, akaondoa sehemu iliyozidi, kisha akafuma ribu mpya, ule ukingo wa mistari unaovutika, kuelekea chini kwa masalio yale ambayo hayajaguswa na joto, kwa sindano za milimita 3.25. Mikono ilifanyiwa hivyohivyo. Uzi uliisha ukiwa umebaki mkia mfupi wa kufichia. Ndani ya mabega na nyuma ya shingo alishona utepe wa pamba usiovutika, ili uzito wa nguo ubebwe na utepe na si na vitanzi. Huo utepe ningeuweka kwenye kila sweta refu la vifungo, la uzi wowote, tangu siku ya kwanza. Na ningelifuma kwa vipande vya kushonwa pembeni, kama paterni hii ilivyofanya, kwa sababu mshono wa pembeni hushikilia urefu.

Limeishia sentimita 71. Kwenye malipo walielewana hivi: fundi hakudai chochote kwa kazi ya marekebisho, mwalimu alinunua utepe na vifungo vipya vikubwa kidogo. Niliona ni haki. Fundi ndiye aliyebadilisha uzi na kuacha maelekezo ya umaliziaji yabaki yaleyale, na mteja ndiye aliyemletea paterni ya uzi asioweza kuupata hapa.

Sasa kila nguo inayotoka pale Uyole ina kipande cha karatasi nene kilichofungwa kwenye kifungo cha juu. Kimeandikwa kwa mkono: akriliki, maji ya baridi, kamua ndani ya taulo, anika bapa kivulini, usipige pasi, weka mbali na moto. Kwenye daftari lake la kazi ameongeza mistari kwa kila oda: aina ya uzi wa paterni, aina ya uzi alioutumia, mita, loti, na kipande cha majaribio kilichooshwa na kukaushwa vilevile kama nguo itakavyooshwa. Mstari huo wa mwisho ndio ninaoupigania. Kipande cha majaribio ambacho hakijaoshwa kinakupa kipimo cha uzi ukiwa mpya tu.

Ukanda wa mbele bado una wasiwasi. Hatukuwa na uzi wa kuufuma upya, kwa hiyo umeshikizwa kwa utepe upande wa ndani, na matundu ya vifungo yamezungushiwa uzi wa kushonea. Mwalimu ameambiwa alilete tena mwezi wa nane shule zikifungwa, tuupime.